X SI JINI: KUMSAIDIA MWENZAKO ALIYEKWAMA KATIKA ALJEBRA

Nakuandikia kutoka kidato cha tatu, lile darasa lililo karibu na tangi la maji. Najua unajiuliza hesabu zimetafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Hata mwalimu mlezi wetu aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu, mwalimu, nipe kurasa chache tu, utaona.

Kisa chenyewe kilianza nyumbani kwetu hapa Gatuanyaga mwezi wa Agosti mwaka wa 2025. Kaka yangu mkubwa anasomea ufundi wa umeme, ngazi ya cheti, katika chuo kimoja mjini Thika. Siku hiyo alishuka matatu pale stejini, akaja nyumbani polepole, akaweka begi chini na kuketi kimya kama maji ya mtungi. Matokeo yalikuwa yametoka. Michoro ya umeme alikuwa amepita. Kufunga nyaya alikuwa amepita, tena vizuri. Hesabu alikuwa ameanguka, na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mama huuza nyanya kando ya barabara ya Garissa. Alimaliza kuhesabu pesa za siku, akazifunga kwenye pindo la leso, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Pesa ya kurudia mtihani nitalipa mara hii moja. Ukianguka tena, utashika nyundo uende machimboni ukachonge mawe kama wenzako." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe unayejiita msomi, utamsaidia ndugu yako."

Loo! Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, na alama zangu za hesabu hazikuwa za kupigia vigelegele: 54 kwa mia. Kaka ana miaka ishirini na miwili. Hebu fikiria aibu ya mtu mzima kufunzwa na kitindamimba wao! Lakini neno la mama halina rufani.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani sisi sote hulifanya tukiombwa msaada. Nilichukua kalamu mimi mwenyewe. Nikatatua swali la kwanza huku kaka akitazama. "Umeelewa?" "Nimeelewa." La pili, vivyo hivyo. Tulimaliza maswali manane kabla taa ya sola haijaanza kufifia, nikaenda kulala nikijiona mwalimu kamili. Kesho yake nikampa lile lile swali la kwanza. Halikusogea hata hatua moja. Alikuwa ameelewa mkono wangu unavyokwenda, basi. Ni kama kumtazama mtu akiendesha baiskeli kutoka hapa hadi Kilimambogo, halafu upewe wewe usukani.

Usiku wa tatu nikampa kalamu na kumwambia aseme kwa sauti kila jambo analofanya. Swali lilikuwa la kozi yake. Kuna rezista mbili, yaani vile vifaa vidogo vinavyoukinza umeme usipite ovyo. Moja ni ya omu 20 na nyingine ni ya omu 30, nazo zimefungwa sambamba. Je, ukinzani wa zote mbili kwa pamoja ni omu ngapi? Fomula aliijua kama jina lake. Akaandika:

1/R = 1/20 + 1/30

Halafu akaanza kusema, "Moja na moja ni mbili. Ishirini na thelathini ni hamsini. Mbili juu ya hamsini. Geuza. R ni ishirini na tano."

Hapo nikamwambia, "Ngoja kidogo, kaka."

Mpenzi msomaji, umeliona kosa? Fomula ilikuwa sahihi. Kule kugeuza mwishoni kulikuwa sahihi. Kilichomwangusha kilikuwa kujumlisha sehemu, jambo ambalo tulifunzwa shule ya msingi. Miaka yote hiyo alikuwa akiliruka shimo hilo, na kila mwalimu aliyemsahihisha aliona jibu la mwisho tu, akaweka mkasi mwekundu na kupita. Kaka mwenyewe alikuwa amekata kauli kwamba yeye na aljebra ni maji na mafuta. Kumbe aljebra hata haikuwa na hatia!

Nilimwambia afikirie mikate miwili iliyo sawa. Mmoja umekatwa vipande 20, mwingine vipande 30. Ukichukua kipande kimoja hapa na kimoja pale, huwezi kusema una "vipande viwili" na kunyamaza, kwa sababu havitoshani. Lazima ukate mikate yote miwili kwa kipimo kimoja. Sitini inagawanyika kwa zote mbili. Basi 1/20 ni 3/60, na 1/30 ni 2/60. Jumla ni 5/60, yaani 1/12. Geuza sasa. R ni omu 12.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni alilolifanya yeye mwenyewe baadaye. Alikaa akilitazama lile jibu lake la 25, kisha akacheka hadi mama akauliza kuna nini. Alinieleza kwamba ukifunga rezista mbili sambamba, ni kama kuwafungulia watu njia ya pili. Hata kama njia hiyo ya pili ni mbovu kuliko ya kwanza, msongamano utapungua, hauwezi kuongezeka. Kwa hivyo jibu lazima liwe chini ya 20. "Hii ishirini na tano ilikuwa inanipigia kelele," akasema, "na mimi sisikii." Kwa mikono yake alikuwa akiujua umeme vizuri kunishinda mara mia. Ila hakuwahi kufikiri kwamba anachokijua kwa mikono kina ruhusa ya kuingia kwenye karatasi ya hesabu.

Tangu usiku huo tuliweka sheria mbili nyumbani. Ya kwanza, anayesaidiwa ndiye anayeshika kalamu. Ya pili, kosa halifutwi. Tulinunua daftari la kurasa 48 tukaliita Daftari la Makosa, na kila kosa likaandikwa humo jinsi lilivyo, na kando yake sababu yake.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana nawaona walimu wanaanza kukunja uso.

Muhula wa tatu chama chetu kilikuwa kikikusanya msamiati wa masomo mbalimbali, nami nikapewa hesabu. Nilipofika kwa ile sentensi yenye alama ya usawa katikati, nikakuta inaitwa mlinganyo. Ndivyo inavyoitwa katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi za serikali kule Tanzania, ambako somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili. Mlinganyo! Neno limetoka kwa kulingana. Vitu viwili vinalingana, kama sahani mbili za mizani ya muuza nyama. Nilishtuka kidogo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikilitaja neno hilo kwa Kiingereza bila kujiuliza lina maana gani. Kwangu mimi ile alama ya = ilimaanisha "leta jibu".

Na si mimi peke yangu. Mwaka wa 1999 watafiti fulani wa Marekani waliandika juu ya wanafunzi 145 wa darasa la sita waliopewa swali hili: 8 + 4 = __ + 5. Jaza pengo. Wote walijaza 12 au 17. Hakuna hata mmoja aliyejaza 7. Usiwacheke. Mpe nduguyo mdogo jioni hii ujionee. Tena tazama daftari lako mwenyewe, huenda ukakuta umeandika 17 − 5 = 12 ÷ 2 = 6. Soma ulichoandika: kumi na saba kutoa tano ni sawa na sita! Mizani gani hiyo?

Mtu asiyejua kwamba alama hiyo ni mizani hukariri sheria. Ile maarufu ni ya daraja: "Kikivuka daraja kinabadilisha alama." Ni sheria ya haraka, nami sikatai kwamba inafanya kazi kwa x + 3 = 12. Lakini mpe aliyeikariri 3x = 12 uone. Wengi huivusha ile tatu na kuandika x = 12 − 3, wakapata tisa. Mwenye mizani kichwani hakosei hivyo. Upande mmoja kuna vifurushi vitatu vinavyotoshana, upande wa pili kuna kilo 12, basi kila kifurushi ni kilo 4.

Neno aljebra lenyewe limetoka Baghdad. Yapata mwaka wa 820 mtaalamu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu, na katika jina la kitabu hicho mlikuwa na neno al-jabr, lenye maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika. Neno hilo hilo lilitumika kwa kazi ya waunga mifupa. Sehemu kubwa ya kitabu chake ilihusu kugawa mirathi, mambo ambayo hapa kwetu huwapeleka watu mahakamani kila siku. Jambo lililonivutia ni hili: al-Khwarizmi hakutumia x wala y. Aliandika kila kitu kwa maneno, na kile asichokijua mara nyingi alikiita "kitu" tu. Kitu!

Nikaanza kufanya hivyo na kaka. Badala ya 2x + 5 = 17, nilimwambia, "Kitu mara mbili, ukiongeza tano, ni sawa na kumi na saba. Hicho kitu ni ngapi?" Akajibu sita kabla sijamaliza. Mtu huyo huyo ambaye akiiona x hukunja mikono kama aliyeona jini. Tulikaa na "kitu" kwa muda wa wiki moja hivi, kisha tukakifupisha kuwa k, halafu k ikawa x. Hilo la mwisho ni la lazima, jamani. Mtihani uko kwa Kiingereza, na mwalimu wetu wa hesabu alinionya nisimwache mtu njiani na Kiswahili chake. Nakubaliana naye. Ila safari ni rahisi mtu akianzia nyumbani kwao.

Mwaka huu wa 2026 nilileta mambo haya shuleni. Sisi wa kidato cha tatu tuna jambo letu. Tutakaofanya K.C.S.E. mwaka wa 2027 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna wadogo zetu wa Gredi ya 10 wenye mtaala wao. Maana yake ni kwamba anayeanguka hana darasa la kurudia. Na hesabu haikwepeki, kwani ni kati ya masomo yanayohesabiwa kwa lazima katika gredi ya wastani.

Tulianza watu watano chini ya mti wakati wa michezo. Swali letu la siku ya kwanza lilikuwa la mabano, ugonjwa unaotuua wengi: 200 − 3(x − 40) = 20. Wanne kati yetu waliandika 200 − 3x − 120 = 20, wakapata x = 20. Badala ya kupiga mkasi, niliwapa hadithi. Umekwenda dukani na noti ya mia mbili. Umenunua madaftari matatu. Bei ya kila daftari ni x, lakini muuzaji amekupunguzia shilingi 40 kwa kila moja. Umerudishiwa shilingi 20. Sasa, kama jibu lenu ni kweli, bei ni shilingi 20 na punguzo ni 40. Huyo muuzaji anakulipa ishirini ili umbebee daftari! Kicheko kilizuka hadi wacheza mpira wakasimama.

Ukiwa na hadithi hiyo, ile alama ya kutoa mbele ya mabano haitishi tena. Ukitoa bei kamili za madaftari matatu, 3x, umetoa pesa nyingi kupita kiasi, kwa sababu hukulipa bei kamili. Inabidi urudishe 40 mara tatu. Kwa hivyo 200 − 3x + 120 = 20, yaani 320 − 3x = 20, na x ni 100. Daftari la mia moja, umelipa sitini, matatu ni mia na themanini, chenji ishirini. Kutoa punguzo ni kuongeza. Kila mama wa sokoni analijua hilo bila kitabu.

Mtego mwingine ni herufi. Ukisema "kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sita", wengi wataandika 6W = M, kwa sababu wanasoma W kuwa ni mwanafunzi mwenyewe, na nguo zake. Lakini W ni idadi. Weka nambari: walimu 10, wanafunzi 60. Je, sita mara sitini ni kumi? Mlinganyo sahihi ni W = 6M. Swali la namna hiyo hiyo walipewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi huko Marekani yapata mwaka wa 1980, na zaidi ya theluthi moja walikosea. Wahandisi watarajiwa! Kwa hivyo rafiki yako akikosea usimwite mjinga.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama si afadhali wanaoanguka warudi nyuma kabisa, waanze na nambari za darasa la kwanza. Swali zuri. Kule Marekani kuna vyuo vya miaka miwili viitwavyo vyuo vya jamii, vinavyofanana kidogo na vyuo vyetu vya ufundi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeingia akiwa dhaifu alirudishwa kwenye kozi za aljebra ya sekondari, moja baada ya nyingine, kabla ya kuruhusiwa hesabu ya chuo. Wengi walichoka wakaacha chuo kabla hawajafika huko. Mwaka wa 2017 jimbo la California lilipitisha sheria ya kupunguza mtindo huo, ili wengi waingie moja kwa moja katika kozi yenyewe huku wakipewa msaada kando. Nikilinganisha na kaka, naona mantiki yake. Kama ningemrudisha darasa la tano angekufa kwa aibu. Tuliziba shimo la sehemu ndani ya swali la rezista, kazi yake ikiendelea.

Na kuna jambo la upweke. Mwalimu wetu alitusimulia habari za Uri Treisman, ambaye katika miaka ya 1970 alichunguza kwa nini wanafunzi wengi weusi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walianguka hesabu, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walifanya vizuri. Watu walidhani ni uvivu au malezi. Alipowafuata hadi wanakosomea alikuta hawa wa kwanza wanasoma kwa bidii sana, lakini kila mtu chumbani mwake, peke yake. Wale wengine walikuwa wakikutana jioni, wanalinganisha majibu na kubishana. Basi akaanzisha vikundi vya kusoma pamoja, akawapa maswali magumu badala ya mepesi, na alama zikapanda.

Nilipolisikia hilo niliwaza juu yetu sisi wa shule ya kutwa. Wa bweni wana saa zao za jioni pamoja. Sisi kengele ikilia kila mmoja anashika njia yake. Mwingine anapitia kisimani, mwingine ana ng'ombe wa kukama, na saa tatu usiku ukikwama na swali la saba huna wa kumuuliza. Unafunga kitabu. Asubuhi unanakili kwa mwenzako, unapata tiki, na shimo linabaki pale pale.

Sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kikundi chetu hakijafanya miujiza. Mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma alikuwa na alama 9 muhula wa kwanza, na muhula wa pili akapata 31. Nyumbani kwao walimwuliza 31 ni alama gani ya kuchekelea. Mwingine aliacha kuja, anasema anapoteza wakati wa mpira. Mimi mwenyewe nimefika 68, na nadhani zimenipandisha zaidi zile saa za kusikiliza makosa ya wengine kuliko za kusoma peke yangu.

Kaka alirudia mtihani wake mwezi wa Novemba. Matokeo yalipotoka hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akampata mama kibandani, akachukua kalamu ya biki na kuandika nyuma ya daftari la mauzo ya nyanya: 1/R = 1/20 + 1/30. Akaitatua hadi 12 mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja kupimiwa. Mama hajui rezista ni mdudu gani. Akamwuliza, "Kwa hivyo umepita au hukupita?"

Alikuwa amepita.

Tunakutana chini ya ule mti kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, mpaka saa kumi na moja. Wa Gredi ya 10 mnakaribishwa pia. Njoo na daftari lenye makosa, lile safi liache nyumbani.